Mpunga wa Baba Zena

Mpunga mbichi ukianikwa juu ya kokoto za moto una harufu yake. Si ya wali, msije mkadanganyika. Ni harufu ya nyasi zilizochemshwa, na vumbi, na kitu kama jasho la mtu aliyeshinda na koti. Mwaka huu niliikuta tena kijijini kwetu, pale kwenye uwanja wa saruji ambao vijana wanauita sakafu. Nilikuwa nimekwenda kwa arobaini ya baba. Napita zangu, kanga kichwani, mfuko wa mchele mkononi, nikamsikia kijana mmoja mwenye reki anamfokea mama aliyekuwa anajivuta kukusanya mpunga wake huku mvua inanukia. "We mama vipi! Unaanika kama Baba Zena?" Wenzake wakacheka. Yule mama naye akacheka, akaongeza mwendo.

Nikasimama kama niliyekanyaga mwiba. Kijana wa watu hakunijua, na hakuwa na ubaya wowote. Ungemuuliza huyo Baba Zena ni nani, angekwambia ni msemo tu wa huku kwetu, husemwa kwa mtu mzito anayeponza wenzake. Baba Zena ni baba yangu. Zena ni mimi.

Siku ile sikumwambia kitu. Nilimeza mate nikaendelea na safari, kama nilivyomeza miaka yote. Lakini nyie wa rika langu, mliowahi kupindua mpunga kwa nyayo mkaungua, nawaambia nyie kwanza.

Pale mahali tulipaita Kiwanjani. Siku hizi ukipatazama huoni chochote: sakafu ya saruji, ghala la bati, halafu nyumba za watu waliogawiwa viwanja, na choo cha shule. Zamani ilikuwa njia moja ndefu ya kokoto iliyoshindiliwa, imenyooka kutoka kwenye zahanati mpaka kule ambako macho ya mtoto yalikuwa yanachoka. Wazungu waliijenga kwa ajili ya ndege zao za vita. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliokusanywa kubeba kokoto kwa vikapu, na hadi anakufa alikuwa akituinamishia kichwa tuguse utosi wake, mahali palipobonyea. Vita yao ikaisha, wakaondoka, Kiwanja kikabaki. Baadaye jeshi letu wenyewe likaja kupiga kambi pale, likachora mistari, likapanga mawe yaliyopakwa chokaa kila upande, nalo baada ya miaka michache likapakia hema zake likaenda.

Wakaacha vitu. Loo, kijiji kilivifagia! Kulikuwa na mabati mazito ya chuma, yenye matundu, yaliyotandikwa zamani ili matairi yasizame. Yale yakawa madaraja ya mitaro, milango ya vyoo, chanja za kukaushia samaki. Moja likatundikwa mbele ya zahanati, likawa kengele ya kijiji. Mapipa yakawa ya maji na ya pombe. Baba yeye alipata koti. Alimpa askari mmoja jogoo siku ya kuondoka, naye akavua koti lake la jeshi, zito, la kijani lililofifia, lenye mifuko ambayo mkono wa mtu unazama hadi kifundo. Baba alilipenda koti lile kuliko kitu chochote kisichopumua. Asubuhi za baridi ya mavuno ungemwona nalo tu.

Na waliacha mtu. Mzee Koplo hakuwahi kuwa koplo. Alikuwa mpishi wa wanajeshi, Mndamba wa huku huku, akabaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kijiji kikamkabidhi Kiwanja akitunze. Alitembea kama anakaguliwa na mkubwa asiyeonekana.

Bonde letu, mnalijua, ni maji. Wakati wa mavuno ardhi bado inachuruzika, na ukianika mpunga uani, chini unaota na juu unakauka. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, Kiwanjani. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kipande chake kati ya mawe ya chokaa, na mwezi wa mavuno njia ile ya ndege ilikuwa ya njano kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipande chetu kilikuwa mwisho kabisa, kule ambako njia ya ng'ombe wa Wasukuma ilikatiza kwenda malishoni.

Kazi yangu ilikuwa kupindua. Hutumii mikono. Unaingia ndani ya mpunga miguu mitupu, unaburuza nyayo bila kuinua, unaacha mistari, unarudi unaivunja. Jua likiwa kali unaimba ili usilie. Na huku unawafokea kwelea, ambao wakishuka hushuka elfu. Kabula, rafiki yangu wa Kisukuma, alikuwa akinisaidia akiwa amekwisha kuvusha ng'ombe wa baba yake. Alikuwa na miaka tisa, mimi nane. Tukikutana asubuhi nilimwambia "mwangaluka" kwa mbwembwe, akanicheka lafudhi yangu mpaka akakaa chini.

Sasa shida ya Kiwanja ilikuwa hii. Mahali pakavu pa mpunga ndipo hapo hapo mahali pakavu pa ndege. Msimu huo huo wa maji, barabara ya Ifakara imekatika, mito midogo imevimba, mgonjwa aliyezidiwa hana pa kupita ila juu. Zahanati ilikuwa na redio ya upepo. Mganga akiita, ndege ndogo nyeupe ya wagonjwa hutumwa. Basi sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: chuma cha zahanati kikilia mara tatu, mpunga wote utoke nje ya mawe. Usiulize wa nani, usiulize umekauka au haujakauka. Toa.

Mzee Koplo alitandika shuka jeupe upande wa zahanati. Na kule mwisho, kwenye njia ya ng'ombe, alichomeka nguzo yenye kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kitambaa chekundu. Kama ng'ombe walikuwa bado wanakatiza, mchungaji alipaswa kukiinua. Sisi watoto alitukaririsha hivyo kila mara alipotukamata tunacheza pale.

"Nyekundu maana yake nini?"

"Usitue!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ishushwe!"

"Na anayechezea?"

"Bakora!"

Tulijibu kwa pamoja, tukiruka ruka. Nilikijua kitambaa kile kuliko nilivyoijua Alfatiha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine tulilolijua watoto, ambalo wakubwa hawakutufundisha. Kaka yake Kabula aliumwa na nyoka, ndege ikaja ikamchukua, akarudi baada ya siku nne kwa trekta, ndani ya sanduku. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alivimba tumbo, ndege ikamchukua, hata maiti yake hatukuiona. Walimzika huko huko. Mwalimu aliyekuwa anatapika damu, vilevile. Fundi cherehani wetu yeye alivunjika mguu na kupasuka kichwa, ndege ilikuwa mbovu, wanaume wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Huyo alirudi. Alirudi na fimbo, amenenepa.

"Ile haimrudishi mtu," Kabula aliniambia siku moja, tumekaa juu ya gunia. "Inachukua tu."

"Kwa nini wanaiita, basi?"

"Wakubwa hawajui." Akatema mate pembeni kama wanaume wa kwao. "Kaka alikuwa anaongea wakati wanamwingiza. Aliniambia nimwangalizie ndama wake."

Sikuona mahali pa kubisha. Hesabu ilikuwa mbele yangu. Hakuna aliyenieleza kwamba ndege huitwa tu mtu akishafika ukingoni, na kwamba kwa machela walibebwa wale ambao wangepona hata kwa punda.

Mama yangu alikuwa mtu mrefu, mcheshi, na aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mama, njoo ule." "Mama, umekojoa kitandani tena?" Mwaka huo alikuwa mjamzito, na baada yangu alikuwa amepoteza wawili, hivyo kila mtu alimtazama tumbo kwa jicho la hofu. Uchungu ulimshika siku ya Jumanne. Jumatano alikuwa bado. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amehamia kwetu, anatoka na kuingia na maji ya moto. Alhamisi asubuhi niliingia nikamkuta mama amelala ubavu, midomo imepauka. Akanitabasamia.

"Mama, nenda ukapindue mpunga. Ukirudi utamkuta mgeni."

Nikaenda. Ilikuwa siku ya mawingu, baridi, mlima wa Udzungwa haukuonekana. Baba alikuwa tayari Kiwanjani na koti lake, maana mganga alikuwa amewafukuza wanaume uani. Alipindua mpunga kwa nguvu za mtu anayempiga mwizi. Tulikuwa na mpunga mwingi mwaka ule kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Saa nane hivi chuma kikalia. Ngaa, ngaa, ngaa.

Sijapata kuona watu wakikimbia vile. Wenye reki, wenye ungo, wenye kanga zao, kila mtu anavuta mpunga wake nje ya mawe. Hakuna aliyenung'unika, kila mmoja alijua ni mke wa nani. Baba alivuta wetu peke yake mpaka akaanza kukohoa. Mimi nilisukuma kwa mikono na magoti. Tukalifikisha lundo lote nje ya mawe, hatua mbili au tatu hivi, kubwa kama kibanda. Nililiona kwa macho yangu: lilikuwa nje ya mawe. Shikeni hilo.

Mtu akaja mbio kumwita. Mganga alitaka wanaume wa kubeba kitanda cha mama kukisogeza karibu na zahanati. Baba akanishika mabega.

"Zena, kaa hapa na mpunga. Mbuzi wasile. Usisogee ndani ya mawe, umesikia?"

"Mama anaumwa sana?"

"Ndege inakuja kumchukua," akasema, kwa sauti ya furaha. Kwa furaha kabisa. "Inamchukua mama yako."

Akakimbia, koti linapepea nyuma yake.

Nilibaki peke yangu mwisho wa Kiwanja. Kabula na ng'ombe wake walikwisha kupita tangu asubuhi. Kwa mbali niliwaona watu wadogo wadogo wanazunguka kitu cheupe chini, shuka la Mzee Koplo. Halafu nikaisikia, kabla sijaiona.

Nataka niseme wazi, kwa maana watu wakihadithia utoto wao hupenda kusema hawakujua walichokifanya. Mimi nilijua. Sikukosea rangi. Nilikwenda kwenye kopo, nikatoa kitambaa chekundu, nikapanda juu ya lundo la mpunga nikazama hadi magotini, nikakiinua kwa mikono miwili. Nilijua maana yake ni usitue. Nilitaka isitue. Nilikuwa namwokoa mama yangu.

Ilikuja kutokea upande wangu, chini sana, nikaona tumbo lake jeupe na matairi matatu. Ikapaa tena. Ikazunguka. Mara ya pili nilimwona rubani, au niliona miwani yake tu, anainama kunitazama. Nilipunga kwa nguvu. Upepo wake ulinirushia mpunga usoni. Mara ya tatu ilikaa juu kidogo, ikachelewa, na mawingu yalikuwa yamekwisha kufunika mito. Mimi nilikuwa nalia na kupiga kelele, "Nenda! Nenda!" Ikaenda. Iligeukia Ifakara, ikaingia ndani ya wingu, na mlio wake ukafuata taratibu.

Nikashuka. Hapo ndipo nilipokumbuka bakora. Watu walikuwa wameanza kukimbia kuja upande wangu, nikachimba kwa mkono ndani ya lundo, nikakisokomeza kitambaa mpaka kwapa likagusa mpunga, nikafukia. Walipofika nilikuwa nimekaa chini.

Hawakuniona hata. Waliona lundo.

"Mpunga wa nani huu?" Mzee Koplo alipiga kelele, jasho linamtoka. "Wa nani? Rubani ameogopa lundo! Amezunguka mara tatu huku huku!"

Wote walijua. Baba alifika wa mwisho. Alilitazama lundo, akatazama juu, akatazama kopo kwenye nguzo, akanitazama mimi. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka. Akapiga magoti, akaanza kuzoa mpunga kwa mikono kutia kwenye gunia, na watu wakamwacha, kwa kuwa waliona haya kumkabili. Mtu mmoja alisema, "Hata sasa anawaza mpunga." Mimi nilikimbilia nyumbani.

Wakamfunga mama kwenye machela. Wanaume wanane, wa kupokezana, na baba mbele kushoto. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilirukaruka pembeni yao mpaka kwenye daraja la bati la mtaro wa kwanza, mvua inanipiga, naona mkono wa mama umening'inia nje ya shuka. Nikaushika.

"Usiogope, mama," nikamwambia. "Hukupanda ndege."

Sijui kama alinisikia. Walivuka daraja, chuma kikalia chini ya miguu yao, shangazi akanivuta sikio kunirudisha.

Walirudi kesho yake saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa barazani nawangoja, nimefagia uwanja. Walikuwa wanatembea polepole, bila kupokezana, na shuka limefunika mpaka juu. Alikata roho ukingoni mwa mto wa pili, wakisubiri mtumbwi. Mtoto alikuwa bado ndani yake. Waliwazika pamoja, kaburi moja.

Matanga yalipoisha kijiji kilikaa kikao kwenye veranda ya shule. Nilichungulia kwenye dirisha la darasa. Mwenyekiti alimsimamisha baba. Ilikuwa mchana, jua kali, lakini baba alikuja na koti lake la jeshi, mkono wa kulia mfukoni, na hakuutoa muda wote.

"Mpunga uliokuwa mwisho wa Kiwanja ni wa nani?"

"Wangu."

"Ulikuwa ndani ya mawe au nje?"

Nilimsubiri aseme. Mimi mwenyewe nilijua jibu. Baba alitazama miguu yake.

"Nilichelewa," akasema.

Mzee Koplo akasimama akalalamika kwamba hata kitambaa chekundu kimepotea, bila shaka vijana wa Kisukuma wamekiiba, na pengine walikuwa wanavusha ng'ombe saa ile, wahojiwe. Watu wakaanza kuguna, wengine wakageuka kumtazama baba yake Kabula. Baba akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Wasukuma hawakuwepo saa ile. Waacheni. Nimesema mpunga ni wangu."

Wakamhukumu asianike tena Kiwanjani, maisha. Yeye akasema sawa. Shangazi alimsubiri nje, na mbele ya watu akamwambia, "Kaka, umemuuza wifi yangu kwa magunia ya mpunga." Tangu siku hiyo hakula tena chakula cha nyumbani kwetu, hata maji hakunywa, na alikuwa akija kuniona akisimama nje ya ua.

Nilirudi Kiwanjani kisirisiri kutafuta kile kitambaa. Mpunga ulikuwa umekwisha kuondolewa, kokoto zimeoshwa na mvua. Nikajiambia kimekwenda na maji. Nikangoja mtu aniulize. Mtoto akingoja kuulizwa na asiulizwe, jambo linaota mizizi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na mimi bado nilikuwa naamini kosa ni la mvua na mto. Nilielewa polepole, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda shambani. Lakini siku niliyoelewa kabisa nilikuwa mtu mzima, hospitalini Ifakara, nimepasuliwa kumtoa mwanangu wa kwanza aliyelala vibaya. Nilipozinduka nikamsikia analia. Saa moja tu ya kazi, daktari alisema. Nikaangua kilio, manesi wakadhani ni mshono.

Baba alianika mpunga wake uani, kwenye mikeka, ukaota ukungu kila mwaka. Mashineni ulitoka chenga tupu. Aliuza kwa bei ya chakula cha kuku. Alinipikia, akanisuka nywele vibaya, akanipeleka kusoma nikae kwa mjomba Viwanja Sitini, pale Ifakara, hakuoa tena. Na msemo ukazaliwa. Mara ya kwanza niliusikia shuleni, msichana anamwambia mwenzake, "Acha uzito, usianike kama Baba Zena." Nyumbani, baba alikuwa akipita watu wakiusema, wengine kwa bahati mbaya, wengine makusudi. Aliwaamkia akaendelea na njia.

Mimi je? Mimi nilinyamaza. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Nilimnunulia blanketi, nikamnunulia redio, nikamjengea choo. Mambo yote isipokuwa lile moja.

Wiki tatu kabla hajafa nilikaa kitandani kwake. Alikuwa amekwisha, mikono imebaki mifupa.

"Baba, nina neno. Siku ile ya ndege..."

"Mpunga ulikuwa wangu."

"Baba, nisikilize. Mimi ndiye..."

"Zena." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilinikata. "Mpunga ulikuwa wangu. Kanipashie uji."

Nikaenda nikapasha uji. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, kwamba amenizuia. Huo ndio ukweli na ni mchungu kuuandika.

Basi arobaini. Baada ya dua na chakula, wageni wakaondoka, tukabaki ndugu wa karibu, watu saba hivi. Ilikuwa zamu ya kugawa vitu vya marehemu, na kwa mila yetu anayefungua sanduku ni dada yake. Shangazi sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini mdomo ni ule ule. Alikuja, akakaa kwenye mkeka wa nyumba ambayo hakula kwa miaka yote hiyo. Hata siku hiyo pilau ya hitima hakuigusa.

Akatoa shati. Akatoa kanzu, akatoa vyeti vyangu vya shule vilivyofungwa kwa uzi. Chini kabisa kulikuwa na koti la jeshi. Nilikuwa sijaliona tangu siku ya kikao. Harufu ikajaa chumba, ile ile. Shangazi akalikung'uta, akapapasa mifuko kama wafanyavyo wazee, asije akagawa na senti ya marehemu. Mkono wa kulia ukazama. Ukatoka na kitambaa kilichokunjwa mara nne, kimefifia mpaka kuwa rangi ya matofali. Alipokikunjua, punje za mpunga zikaanguka kwenye mkeka, nyeusi kwa ukale.

"Kitambaa gani hiki?" Akakisogeza karibu na macho. "Cha nani hiki?"

Watu wakatazamana. Mimi niliziangalia zile punje. Alikipata siku ile ile, magotini, mvua inaanza, wakati wote wanamwona mwenye uchu wa mpunga. Alikuwa anakitafuta kabla mwingine hajakiona. Alikuwa nacho mfukoni, amekishika, mwenyekiti akimuuliza ndani ya mawe au nje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilikuwa nikiusema msemo huu kwenye harusi za watu, nacheka.

"Changu, shangazi," nikasema.

Nikawaambia yote. Juu ya lundo, mara tatu, nenda, nenda. Sikupamba, sikujitetea kwa umri. Shangazi alikuwa amekiweka kitambaa mapajani, anakinyoosha kwa kiganja, anakinyoosha tena, ingawa kilikwisha kunyooka.

"Na yeye alijua?"

"Alijua, shangazi."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Aligeuka kuelekea mlangoni, akasema, "Nileteeni chakula." Wakamletea pilau iliyopoa. Akala tonge baada ya tonge, machozi yanamtiririka hadi kwenye sahani, na hakuacha mpaka alipoimaliza.

Asubuhi niliaga. Bodaboda ilinipitisha Kiwanjani, jua limetoka, mpunga umetandazwa kwenye sakafu ya saruji, na yule kijana wa reki yupo tena na wenzake. Nikamwambia dereva asimame. Nikaenda mpaka mbele yake, naye akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Juzi ulimwambia yule mama anaanika kama nani?"

Akacheka kwa aibu, akajikuna shingo. "Aa, mama, ni maneno tu ya huku. Kama Baba Zena."

"Umekosea," nikamwambia. "Lundo lake lilikuwa nje ya mawe. Aliyefukuza ile ndege ni Zena mwenyewe. Kuanzia leo, ukitaka kusema, sema Zena. Baba mtoe."

"Sawa, mama," akasema, hajui hata ninazungumzia nini. "Kwani wewe ulimjua?"